Paka Anayejikuna Bila Kukoma: Pa Kuanzia

Paka akianza kujikuna, nyumba nyingi hupita njia ileile. Kwanza anaogeshwa kwa sabuni ya kufulia. Isiposaidia, unanunuliwa unga wa viroboto kwenye duka la dawa za mifugo. Magaga yakitokea shingoni na manyoya yakianza kunyonyoka kiunoni, paka anatiwa kikapuni, anapelekwa kwa daktari, anadungwa sindano, na baada ya siku mbili amepona. Nyumba inatulia. Mwezi mmoja au miwili baadaye muwasho umerudi palepale, na safari hii ni mkali zaidi.

Sindano hiyo mara nyingi ni steroidi ya kukaa mwilini muda mrefu. Huzima muwasho wa karibu kila aina, uwe umeletwa na kiroboto, chakula au vumbi, na ndiyo maana inapendwa na mwenye paka pamoja na daktari mwenye foleni ndefu. Chanzo, hata hivyo, hubaki kilipokuwa. Ikirudiwa mara kwa mara inaweza kumletea paka kisukari, na kwa baadhi yao moyo huelemewa. Na kama kilichompata ni fangasi, steroidi hushusha kinga ambayo ndiyo ingepambana na fangasi huyo. Zipo siku ambazo steroidi ni dawa sahihi kabisa, lakini si kabla ya kujua kinachotibiwa.

Ugumu wenyewe ni kwamba ngozi ya paka ina namna chache za kulalamika. Kuna vijipele vidogo vyenye magaga, ambavyo mkono huvihisi kabla jicho halijaviona. Kuna upara unaotokana na kujilamba, hasa tumboni na mapajani. Kuna vidonda vya kujikuna kichwani na shingoni, na kuna mabaka mekundu yaliyoinuka au kidonda cha mdomo wa juu. Magonjwa mengi tofauti hujitokeza kwa sura hizohizo nne. Kwa hiyo madaktari wa ngozi za wanyama huondoa shaka moja baada ya nyingine, wakianza na kinachotokea sana na kilicho rahisi kutibu. Mwenye paka anayefuata mpangilio huo nyumbani huokoa fedha, na paka wake huepuka miezi ya mateso.

Anza na kiroboto, hata kama humwoni.

Kiroboto wa paka, Ctenocephalides felis, ndiye anayepatikana zaidi kwa paka na mbwa duniani, na hewa ya Tanga, Dar es Salaam, Mombasa na Zanzibar inamfaa kuanzia Januari hadi Desemba. Wengi wakiulizwa hujibu kwamba paka wao hana viroboto, wamemkagua. Ulimi wa paka una miiba midogo inayofanya kazi ya chanuo, na paka anayewashwa hujilamba saa nyingi, akiwameza viroboto kabla mtu hajawaona. Isitoshe, paka mwenye mzio wa mate ya kiroboto hahitaji viroboto wengi. Kuumwa mara chache tu kunatosha kumwasha kwa siku kadhaa. Ndiyo maana katika nyumba yenye paka wawili, mmoja anaweza kuwa amejaa viroboto na hajali, huku mwenzake, ambaye hajawahi kuonekana na hata mmoja, amebaki kiuno kitupu.

Kipimo chake hakina gharama. Tandaza karatasi nyeupe, mchane paka juu yake kwa chanuo chenye meno yaliyobanana, hasa kiunoni karibu na shina la mkia, kisha dondoshea maji kwenye punje nyeusi zilizoanguka. Vumbi litabaki vumbi. Kinyesi cha kiroboto kitatoa rangi ya kutu, kwa sababu ni damu ya paka iliyosagwa. Angalia pia chini ya mkia. Vipande vidogo vyeupe vinavyojongea hapo ni vya tegu aitwaye Dipylidium caninum, ambaye paka humpata kwa kumeza kiroboto. Ukimwona tegu huyo, kiroboto yupo au alikuwepo karibuni.

Kiroboto akishagunduliwa, kosa linalowafanya watu waamini kwamba dawa imeshindwa ni kumtibu paka na kuiacha nyumba. Viroboto wakubwa walio mwilini mwa paka ni takriban asilimia 5 tu ya wote waliomo ndani. Waliobaki ni mayai, mabuu na vifukofuko vilivyo uvunguni, kwenye mikunjo ya kochi na chini ya mkeka. Jike mmoja anaweza kutaga mayai 40 hadi 50 kwa siku, nayo hayashiki kwenye manyoya, bali hudondoka popote paka anapolala. Kwenye joto la pwani kizazi kipya kinaweza kukamilika ndani ya wiki tatu. Kifukofuko ndicho kigumu kuliko vyote. Dawa haikipenyi vizuri, na kiroboto aliyemo anaweza kusubiri kwa miezi mpaka ahisi mtikisiko, joto au pumzi ya kiumbe. Familia za Dar es Salaam zinazofunga nyumba mwezi Desemba kwenda Moshi au Bukoba hulijua jambo hili bila kujua sababu yake: siku ya kurudi, mlango ukifunguliwa tu, miguu ya kila mtu inaumwa. Vifukofuko vimesikia hatua.

Basi tibu paka na mbwa wote wa nyumba kwa siku moja, hata asiyejikuna, na uendelee kurudia dawa kwa muda ulioandikwa kwenye pakiti, bila kuruka, kwa miezi mitatu au zaidi. Vifukofuko vilivyobaki vitapasuka katika muda huo, na kila kiroboto atakayetoka atamrukia paka mwenye dawa. Vitambaa anavyolalia vifuliwe kwa maji ya moto ya nyuzi 60. Halafu litumie jua. Mabuu ya kiroboto hukimbia mwanga na hayastahimili ukavu wala joto la zaidi ya nyuzi 35, kwa hiyo mkeka, godoro na mito ya kochi vikianikwa mchana kutwa, kazi kubwa imefanyika bila kununua kitu. Nguvu za ufagio zielekezwe pale jua lisipofika: uvunguni, chini ya ngazi, na kwenye mchanga wenye unyevu kivulini mwa tangi la maji.

Kuhusu dawa yenyewe, hapa panahitaji uangalifu kuliko mahali pengine popote katika mwongozo huu, kwa sababu tiba ya ngozi inaweza kumuua paka ambaye ugonjwa wenyewe usingemuua. Matone yanayowekwa nyuma ya shingo yenye fipronili, selamektini, imidaklopridi au fluralana yapo ya paka, na kipimo hutegemea uzito. Pakiti iwe na neno au picha ya paka. Dawa ya mbwa isigawanywe nusu kwa ajili ya paka, hasa yenye permethrini. Ini la paka halina uwezo wa kutosha wa kuivunja sumu hiyo, na matone ya mbwa mmoja yanaweza kumfanya paka atetemeke, apate degedege na kufa. Mwaka 2007 kituo cha ushauri wa sumu za wanyama cha London kilichapisha taarifa ya paka 286 waliopakwa matone ya permethrini, na takriban mmoja kati ya kila kumi alikufa. Hao walikuwa Uingereza, ambako daktari yupo karibu.

Katika miji na vijiji vya Afrika Mashariki hatari iko pia kwenye dawa ya kuogeshea ng'ombe, kama amitrazi, ambayo mtu huichota kwenye chupa ya jirani mfugaji na kumpaka paka kwa kukadiria. Iko kwenye mafuta ya taa na oili chafu ya gari, tiba ya mitaani ya ukurutu wa mbwa. Iko kwenye dawa za kuua vijidudu zinazogeuka nyeupe zikichanganywa na maji, ambazo nyingi zina fenoli. Chochote kinachopakwa kwenye ngozi ya paka kitaishia tumboni, maana atajilamba. Na paka anayelia kwa maumivu ya vidonda asipewe parasetamoli kamwe, kwani kidonge kimoja kinaweza kumuua. Kama kosa la kumpaka limeshafanyika, muoshe mara moja kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya kuoshea vyombo, mkaushe, na umwahishe kwa daktari pamoja na chupa ya dawa iliyotumika.

Nyumba yenye banda la kuku ina mdudu mwingine wa kuangaliwa. Viroboto wa kuku, Echidnophaga gallinacea, huwashika kuku kwenye upanga na kuzunguka macho, na paka anayelala karibu na banda huwabeba ukingoni mwa masikio. Hawarukiruki. Hung'ang'ania mahali pamoja kama vidoa vyeusi, na mwenye paka hudhani ni uchafu. Kumtibu paka bila kusafisha banda hakufiki mbali.

Baada ya viroboto, geukia utitiri. Yule wa masikioni, Otodectes cynotis, hupenda paka wadogo na huacha ndani ya sikio uchafu mweusi mkavu unaofanana na masimbi ya kahawa. Paka hutikisa kichwa na kujikwaruza nyuma ya sikio mpaka damu, na kidonda huonekana cha ngozi wakati kiini kiko ndani ya sikio. Yule wa upele, Notoedres cati, huanza kwenye ncha za masikio, hushuka usoni na shingoni kwa magaga mazito ya kijivu, na huwasha kupita kiasi. Huwapa hata watu vipele vya muda mikononi. Daktari hukwangua ngozi kidogo na kutazama kwa darubini, na tiba yake ni nzuri. Asiyekwangua wala kutazama atakuwa anakisia, na mwenye paka ana haki ya kuomba kipimo hicho.

Choa kinastahili nafasi kubwa zaidi, kwa sababu hakimwandami paka peke yake. Fangasi anayeleta choa kwa paka mara nyingi ni Microsporum canis. Sura ya kawaida ni baka la mviringo lisilo na manyoya, lenye mba na vinyweleo vilivyokatika, kwenye uso, masikio au miguu ya mbele. Lakini paka wenye manyoya marefu, kama wale wa Kiajemi, wanaweza kumbeba fangasi huyu bila baka linaloonekana. Mtoto wa nyumba akipata duara jekundu shavuni au mkononi, na paka ana upara, wote wawili wapelekwe kwa mtaalamu wao. Hata hivyo paka asihukumiwe kabla ya kupimwa, maana mapunye mengi ya watoto wa shule hutoka kichwa cha mtoto mmoja kwenda kwa mwingine bila paka yeyote kuhusika.

Daktari anaweza kutumia taa maalumu ya zambarau iitwayo taa ya Wood, ambayo hufanya aina nyingi za Microsporum canis zing'ae kijani, au kupeleka manyoya maabara yakaoteshwe. Majibu ya kuotesha huchukua hadi wiki mbili au tatu. Wakati wa kusubiri, kishawishi ni zile krimu za mchanganyiko zinazouzwa kila famasi, zenye dawa ya fangasi, ya bakteria na steroidi ndani ya tyubu moja. Baka litapungua wekundu, mtu atafurahi, na fangasi ataendelea kutambaa chini ya ile steroidi. Tiba inayoponya ni vidonge au maji ya itrakonazoli kwa ratiba ya daktari, pamoja na kumwogesha paka kwa dawa ya fangasi, na huchukua wiki kadhaa. Kuacha siku manyoya yanapoanza kuota ni kualika ugonjwa urudi, kwa hiyo mwache daktari athibitishe kwanza kwamba fangasi ameisha.

Mbegu za fangasi huyu hukaa kwenye manyoya yaliyodondoka kwa zaidi ya mwaka zikipata mazingira mazuri. Paka mgonjwa atengwe kwenye chumba kilicho rahisi kusafishwa, chenye sakafu ya vigae au saruji, na bado apewe muda wa kukaa na watu, hasa akiwa mdogo. Manyoya yazolewe kila siku. Sakafu isafishwe kwanza kwa sabuni na kusuuzwa, kisha ipigwe deki kwa jiki iliyochanganywa, sehemu 1 kwa sehemu 32 za maji, ikae mbichi dakika 10. Usichanganye jiki na sabuni au dawa nyingine ndani ya ndoo, na paka asirudi hapo kabla sakafu haijakauka.

Yapo mambo mawili ambayo vitabu vya nchi za baridi huyapitia haraka, na huku yanahitaji jicho. La kwanza ni mbu. Kuna paka wenye mzio wa mbu, nao hutoka vidonda na magaga juu ya pua na kwenye masikio, pale manyoya yalipo mafupi. Kama vidonda huongezeka kila masika na kupungua kiangazi, mfungie paka ndani ya nyumba yenye nyavu madirishani kuanzia magharibi hadi asubuhi. Vikipungua ndani ya wiki moja au mbili, jibu limepatikana. Dawa za watu za kujipaka kufukuza mbu asipakwe.

La pili ni jua, na hapa uzembe hugharimu uhai. Paka mweupe, au mwenye masikio na pua nyeupe, anayelala juu ya bati au barazani mchana, huunguzwa na jua mwaka baada ya mwaka. Ncha za masikio huwa nyekundu, kisha hutoka kigaga kinachopona na kurudi, na mwenye paka hudhani amepigana. Kigaga kisichopona kwenye sikio au pua ya paka mweupe kichukuliwe kuwa saratani mpaka daktari aseme vingine. Ikikamatwa mapema, kukata ncha za masikio huweza kuimaliza kabisa, na paka huishi vizuri. Ikiachwa, hula sikio na uso. Paka wa namna hii akae kivulini kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni, na asipakwe mafuta ya jua yenye zinki, kwa kuwa akijilamba yatamdhuru.

Kama viroboto wamedhibitiwa kwa miezi, utitiri na fangasi hawapo, na paka bado anajikwaruza kichwa na shingo mwaka mzima, sasa chakula ndicho kinachoshukiwa. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2016 yalikusanya paka 78 wenye mzio wa chakula. Nyama ya ng'ombe ilihusika kwa asilimia 18, samaki asilimia 17, kuku asilimia 5. Kwa paka wa pwani aliyelelewa kwa dagaa na vichwa vya samaki tangu aache kunyonya, hiyo namba ya pili inahitaji kufikiriwa. Hakuna kipimo cha damu kinachotegemewa kwa jambo hili. Njia ni moja: kwa wiki 8 paka ale aina moja ya nyama ambayo hajawahi kula, kwa mfano sungura, au chakula maalumu cha daktari, na kitu kingine chochote kisiingie mdomoni. Muwasho ukipungua, mrudishie dagaa. Ukirudi ndani ya wiki mbili, kesi imekwisha.

Ugumu wa jaribio hili ni ujirani. Paka wa uswahilini hula nyumba tatu, na muuza samaki humrushia matumbo kila asubuhi. Lazima afungiwe ndani, na majirani waambiwe kwa adabu. Paka mdogo asipewe nyama tupu kwa wiki 8 bila mpango wa daktari, kwani atakosa madini ya mifupa. Na paka asilazimishwe kwa njaa. Akigoma kula siku nzima, mrudishie chakula chake na umpigie daktari, maana paka anayefunga siku chache huweza kuharibika ini.

Wapo wanaosema paka ana msongo wa mawazo, ndiyo maana anajilamba mpaka upara. Hutokea, lakini mara chache kuliko inavyosemwa. Mwaka 2006 jarida la chama cha madaktari wa mifugo wa Marekani lilichapisha uchunguzi wa paka 21 walioletwa wakidhaniwa hivyo. Kati yao 16 walikuwa na ugonjwa wa mwili uliowasababishia muwasho, na wawili tu ndio walikuwa na tatizo la tabia peke yake.

Atakayebaki baada ya hayo yote ana mzio wa vitu vya hewani, kama vumbi la nyumba au chavua, na huyo atahitaji matunzo ya maisha. Sasa steroidi ina nafasi yake, kwa vidonge vinavyopunguzwa hadi kiwango kidogo kinachomtosha, au siklosporini kwa asiyeivumilia. Famasini sisitiza prednisoloni. Ini la paka huibadilisha prednisoni kwa shida, na anayepewa hiyo huonekana kama dawa imemkataa. Kiroboto naye asisahaulike, kwani paka mwenye mizio miwili hulipuka kwa kuumwa kidogo.

Andika kila kitu kwenye daftari: siku muwasho ulipoanza, sehemu ya mwili, dawa na tarehe zake, chakula, mvua, wanyama wapya waliokuja. Piga picha kwa simu kabla ya kupaka chochote, na usimwogeshe siku ya kwenda kupimwa. Ambako daktari wa mtaani amefika mwisho wa vifaa vyake, hospitali za wanyama za vyuo vikuu, kama ya Sokoine pale Morogoro na ya Chuo Kikuu cha Nairobi pale Kabete, zina wataalamu na maabara. Paka anayetetemeka baada ya kupakwa dawa, aliyeacha kula, mwenye jipu lililovimba baada ya ugomvi au mweupe mwenye kigaga sikioni asisubiri daftari lijae. Apelekwe leo.